Kuisoma Saa ya Zamani ya Mkononi

Saa kuukuu ya mkononi ni kama matini: husomwa mbele na nyuma. Wengi wetu huishia kwenye jina lililo usoni, tukadhani tumeshajua asili yake. Tutazame mfano mmoja.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, serikali ya Uingereza iliagiza saa za askari kutoka kampuni 12, zikiwemo Omega, Longines na Cyma. Saa hizo ziliundwa Uswisi, na nyingi zilipokelewa mwaka 1945. Usoni pana jina la kampuni na kishale kinachoelekea juu, alama ya mali ya serikali. Mgongoni kishale hicho hurudiwa pamoja na nambari na herufi W.W.W., kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya saa ya mkononi isiyoingia maji. Kumbe Uswisi iliunda, Uingereza ikamiliki! Jina peke yake lisingetueleza hayo.

Hata hivyo, nyuso nyingi zilibadilishwa wakati wa matengenezo. Kwa hiyo alama za mbele na za nyuma zisipokubaliana, tusiharakishe kuamua. Aidha, tusiifungue saa hiyo ovyo. Rangi yake ya awali, iliyong'aa gizani, ilikuwa na radiamu, nayo hubaki na miale ya hatari hata mng'ao ukishafifia.