Panga, Moto na Kisiki: Historia ya Kukata Matawi katika Nchi ya Shaba

Karibu na Kolwezi iko migodi miwili ya wazi inayoitwa Mashamba, mmoja wa Mashariki na mwingine wa Magharibi. Humo hutolewa shaba na kobalti, lakini jina lenyewe ni la mkulima. Sisi wa Lualaba tumezoea kuisimulia historia yetu kuanzia chini ya ardhi, kana kwamba juu yake hapakuwa na kitu mpaka mashine zilipofika. Leo tuianzie juu, kwenye matawi.

Juu palikuwa na msitu wa miombo, nao ndio uliowezesha shaba kuyeyuka. Katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kuiona nchi hii. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto, alichapisha mwaka 1926 maelezo marefu juu ya wafuaji wa Katanga, wale walioitwa walaji wa shaba. Kazi yao ilifanyika kiangazi, mavuno yakiisha: tanuri la udongo wa kichuguu, mivukuto ya ngozi, mawe ya kijani, na makaa mengi, ambayo sisi huyaita makala. Kila msalaba ule ulikuwa mti kabla ya kuwa shaba. Hata hivyo msitu haukuisha, na hilo ndilo linalotaka maelezo.

Jibu liko kwenye kisiki. Miti mingi ya miombo, kama ule ambao wengi huuita muputu, haifi ikikatwa. Mizizi yake hubaki hai, na mvua zikikaribia kisiki hutoa machipukizi mengi, yenye majani mekundu kama divai. Majirani zetu Wabemba walijenga kilimo chao chote juu ya tabia hiyo. Neno lao, citemene, lina shina lile lile la kutema tunalolitumia tunaposema kutema kuni. Vijana wa kiume walipanda mitini na shoka, wakayakata matawi na kuliacha shina limesimama. Matawi kutoka eneo kubwa kuliko shamba lenyewe mara kadhaa yalikusanywa mahali pamoja, yakachomwa mvua zikiwa karibu, na ulezi ukapandwa katika majivu. Mwingereza Audrey Richards, aliyeishi kati yao katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1939, alieleza jinsi vijana walivyoshindana kufikia tawi la juu kabisa. Watawala waliona hapo uharibifu tu, na mwanzoni mwa karne ya 20 walijaribu kupiga marufuku citemene, wakashindwa. Kwa maoni yetu hawakuuliza swali lililofaa: baada ya panga, mti unafanywa nini?

Swali hilo lilijibiwa Ndola, upande wa pili wa mpaka, katika ukanda huu huu wa shaba. Mwaka 1933 vipande vya msitu vilitengwa humo kwa majaribio. Kimoja kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa. Kingine kilichomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu. Cha tatu kililindwa na moto. Miaka ilipopita, kile cha moto wa mwisho kiligeuka kuwa nyasi na miti michache. Kile kilicholindwa kikawa msitu mzito. Cha moto wa mapema kikakaa katikati. Shoka, basi, halikuwa muuaji mkuu. Chipukizi laini likiunguzwa kila mwezi wa Septemba na Oktoba, kisiki hatimaye huchoka.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuri lake la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba kwa koki iliyoletwa kwa reli kutoka Wankie. Kiwanda kikaacha kutegemea makala. Jiko la mfanyakazi halikuacha. Baadaye mabwawa ya Lualaba yalileta umeme mwingi, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa mitambo.

Pamoja na kiwanda ulikuja mti wa pambo. Jakaranda, mzaliwa wa Amerika ya Kusini, alipandwa kwa safu katika barabara za Lubumbashi, na huchanua rangi ya zambarau kabla ya mvua. Wabelgiji walikuja pia na desturi ya kupogoa, lakini kila mti una sheria yake. Kwao uko mti mdogo wa bustani wenye gamba jeupe, ambao ukikatwa mwanzoni mwa machipuko, kabla ya majani, hutiririsha maji siku nyingi. Kwa hiyo mtunza bustani husubiri mpaka majira ya joto yanapoelekea mwisho. Jakaranda naye ukimkata kichwa hujibu kwa fito nyingi zilizosimama wima, na umbo lake halirudi tena. Mmarekani Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone ndani, alieleza mwaka 1977 kwamba mti hauponyi jeraha kama mwili wetu: hulizungushia ukuta na kuendelea kukua kando yake. Ndiyo maana tawi hukatwa nje kidogo ya uvimbe ulio pale linapoungana na shina. Uvimbe ukiondolewa, ukuta hukosa mahali pa kuanzia, na uozo huingia.

Anayepita leo na baiskeli ya magunia ya makala kuelekea Kolwezi anabeba historia hii yote, ingawa hakuna aliyemsimulia. Nyuma yake viko visiki. Kisiki kilichokatwa chini, kwa ukato safi na wa mteremko ili maji yasituame, kinaweza kutoa machipukizi kumi na zaidi. Yakiachwa yote hunyang'anyana mwanga na kubaki fito nyembamba. Vijana wenye panga moja na subira wanaweza kubakiza mawili au matatu yaliyonyooka, wakayaondoa mengine, kisha wakafyeka nyasi kukizunguka kisiki mwezi wa Mei au Juni, kabla moto wa Septemba haujafika.