Kuyatafuta Matende kwa Majina ya Zamani



Nimeombwa niandike habari za utafiti wa maradhi katika pwani yetu. Ila hapana budi nianze na jinsi ya kuzitafuta habari zenyewe. Mwaka jana kijana mmoja aliyepitia shule hii alinionyesha andiko lake la chuo juu ya matende na mabusha mkoani Tanga. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba maradhi hayo hayakuchunguzwa ipasavyo kabla ya mwaka 2000, ulipoanza mpango wa taifa wa kuyatokomeza. Alikuwa ametafuta katika PubMed, ile kanzidata ya Marekani iliyofunguliwa mwaka 1996, kwa maneno mawili tu: "Tanzania" na "lymphatic filariasis".

Sikumwita mvivu. Lakini Tanzania ni jina la mwaka 1964. D. Bagster Wilson, alipoandika juu ya malaria ya vijijini mwaka 1936, aliandika "Tanganyika Territory". Wajerumani nao waliandika "Deutsch-Ostafrika". Hata Amani, kule juu ya Muheza, ilibadilika: mwaka 1902 ilikuwa taasisi ya Wajerumani ya biolojia na kilimo, baadaye ikawa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 haikukawia kuingia chini ya NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Anayeitafuta Amani kwa jina la NIMR peke yake ataanzia mwisho wa kitabu.

Ama kuhusu ugonjwa wenyewe, mdudu wake aliitwa Filaria bancrofti, akaitwa Filaria nocturna kwa kuwa hutokea katika damu usiku, na leo ni Wuchereria bancrofti. Makala za zamani husema "Bancroftian filariasis" au "elephantiasis". Wale wanaopanga makala kwa mada wamechagua "Elephantiasis, Filarial", kwa mpangilio huo wa kinyumenyume. Busha ndilo hujificha zaidi, maana daktari mpasuaji huandika "hydrocele" na pengine asimtaje mdudu hata mara moja. (Wagonjwa wetu nao huficha, lakini hayo ni mengine.)

Mbu naye ana kisa chake. Mwaka 1902 Dönitz alimpa mbu wa Dar es Salaam jina Anopheles merus. Jina likazama. Mwaka 1951 Muirhead-Thomson aliandika juu ya mbu wa maji ya chumvi wa pwani ya Afrika Mashariki, akimhesabu kuwa aina ya gambiae, na katika miaka ya 1960 jina merus likarudi. Basi anayeandika "merus" peke yake anaruka miaka mingi ya kazi.

Wala msiyadharau maneno ya nyumbani. Mwaka 1996 ilichapishwa makala ya Bagamoyo yenye neno "degedege" katika kichwa chake, vilevile kama bibi zetu walivyolitamka.

Mtaniuliza, yote hayo ya nini? Kwa sababu damu ya kuchunguza matende hutolewa usiku. Watafiti walibisha hodi vijijini watu wakiwa wamelala, wakawatoboa vidole kwa mwanga wa taa, huku wengine wakinong'ona habari za mumiani. Waliokubali walitoa damu yao kwa moyo mzito. Tukiandika kwamba hakuna lililofanyika, wajukuu wao wataamshwa tena usiku kwa swali lililokwisha jibiwa.

Tulikaa na kijana huyo jioni mbili, tukaandika majina yote kwenye karatasi, kisha akajaribu moja moja. Kwa "Bancroftian filariasis" alipata kazi ya mwaka 1981 juu ya vijiji vinne vya pwani ya Tanzania. Akaisoma yote kimya, kisha akaniomba kalamu akaukata ukurasa ule wa kwanza.