Namba, rangi na kipande: Alama za wafungwa wa Mau Mau waliofikishwa Ziwa Victoria

Katikati ya miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilifungua kambi za kuwazuilia washukiwa wa Mau Mau katika visiwa viwili vya Ziwa Victoria: Mageta, kilicho karibu na ufuo wa Usenge katika Kaunti ya Siaya ya leo, na Saiyusi. Maji yalitosha kuwa ukuta. Wengi wa waliovushwa huko walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, mamia ya kilomita kutoka makwao, wakizungukwa na Wajaluo ambao hawakuijua lugha yao. Kilichomfikisha mtu kisiwani kilikuwa herufi au rangi iliyoandikwa katika faili lake.

Kazi ya kuwapanga ilianza siku ya kukamatwa. Katika msako mkubwa wa Nairobi uliopewa jina la Anvil, ulioanza Aprili 24, 1954, washukiwa walipitishwa mbele ya wapashaji habari waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Gunia likitikisa kichwa, mtu alipelekwa kando. Huko Manyani, kwa mujibu wa masimulizi ya waliozuiliwa, mgeni alivuliwa nguo na kupewa kaptula, mablanketi na bangili ya chuma yenye namba. Tangu hapo aliitwa kwa namba.

Ndipo rangi ilipofuata. "Mweupe" alihesabiwa kuwa hana hatia au ametubu, "kijivu" alikuwa katikati, naye "mweusi" alikuwa sugu. Baadaye zikaja herufi: Y kwa waliodhaniwa kulegea, Z kwa waliokataa katakata, kila moja ikigawanywa tena kwa tarakimu. Rangi hizo, ambazo maana yake haihitaji mfasiri, hazikushonwa kwenye nguo. Zilikaa katika karatasi, nazo zilibadilika. Aliyekiri kiapo alisogezwa kuelekea kambi za kazi za wilayani kwao, hatimaye nyumbani. Aliyekaa kimya alirudishwa nyuma. Josiah Mwangi Kariuki, aliyezuiliwa kuanzia mwaka 1953 hadi 1960 na kupitia kambi nyingi, Saiyusi ikiwamo, alisimulia safari hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1963.

Hapo ndipo mfumo huo unapotofautiana na ule wa Wanazi wa Ujerumani, ambao mara nyingi hulinganishwa nao. Katika kambi za Wanazi alama ilivaliwa kifuani: pembetatu nyekundu kwa wafungwa wa kisiasa, kijani kwa wahalifu, zambarau kwa Mashahidi wa Yehova, waridi kwa wanaume walioshtakiwa kwa ushoga, na nyota ya manjano kwa Wayahudi. Kuchanjwa namba mwilini kulifanyika Auschwitz pekee, nako walioteremshwa garimoshini na kupelekwa moja kwa moja kuuawa hawakupewa namba yoyote. Myahudi hakuwa na ungamo la kumvua nyota. Hata hivyo, ulinganisho haukubuniwa na wapinzani wa ukoloni peke yao: mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuwa mateso katika kambi yalikumbusha hali ya Ujerumani ya Wanazi.

Kwa wenyeji wa Nyanza, kubandikwa alama hakukuwa jambo geni. Kipande, chenye alama za vidole na kilichoning'inizwa shingoni ndani ya kikasha cha chuma, kilianza kutekelezwa mwaka 1919 kwa wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi. Kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya chama cha Young Kavirondo, maarufu kwa jina la Piny Owacho, kilichozaliwa katika mkutano wa Lundha, Gem, Desemba 1921.

Hesabu ya waliopewa namba za Mau Mau ingali inabishaniwa. Serikali ya kikoloni ilitaja takriban 80,000; mwanahistoria David Anderson amekadiria kuwa walikuwa angalau 150,000. Sehemu ya kumbukumbu ilichomwa kabla ya uhuru, nyingine ikasafirishwa Uingereza na kufichwa hadi mwaka 2011, ilipojulikana kuwa iko Hanslope Park. Faili hizo ziliimarisha kesi ya wazee iliyokuwa mahakamani London. Juni 6, 2013, Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228.