Ua wa Mpakani kati ya Marekani na Meksiko

Kila mfugaji ajua kazi ya ua. Basi msomaji hatastaajabu akisikia ya kuwa ua wa kwanza ambao serikali ya Marekani iliujenga katika mpaka wake na Meksiko, kati ya mwaka wa 1909 na 1911, ulikuwa wa kuzuia ng'ombe. Ng'ombe wa ng'ambo walikuwa na kupe waletao homa, ndiyo maana seng'enge ikanyoshwa. Watu wa Meksiko walipita walivyopenda.

Mpaka wenyewe ulizaliwa vitani. Kwa mapatano ya mwaka wa 1848 Meksiko, iliyokuwa imeshindwa, ilitoa nchi kubwa mno, ambayo California ni sehemu yake, na wenyeji wakajikuta chini ya bendera ngeni hali hawakuhama nyumba zao. Wa kwanza kuwindwa mpakani hapo walikuwa Wachina, kwa kuwa sheria ya mwaka wa 1882 iliwakataza vibarua wao kuingia Marekani, na wengine walipofungiwa bandari walizunguka kwa njia ya Meksiko. Hata mwaka wa 1924, kikosi cha askari wa mpaka kilipoundwa na Bunge likaweka idadi ya wageni kwa kila taifa la Ulaya, Wameksiko hawakuwekewa idadi, maana wenye mashamba makubwa walitaka mikono ya kuchuma.

Sasa twamwomba msomaji aangalie jinsi mioyo ya watu igeukavyo. Mwaka wa 1929 biashara ilianguka, kazi zikapotea. Katika miaka iliyofuata Wameksiko mamia ya maelfu walirudishwa kwao, na wengi miongoni mwao walikuwa watoto waliozaliwa Marekani, raia kwa sheria ya nchi. Mwaka wa 1942 vijana wa Marekani walikuwa vitani, mavuno yakakosa watu. Serikali ile ile ikapatana na Meksiko, ikawaalika vibarua kwa mikataba, nayo mikataba ikapita milioni 4 hata ilipokomeshwa mwaka wa 1964. Walakini katikati ya muda huo, mwaka wa 1954, askari walizunguka mashambani wakiwakamata wasio na hati na kuwapakia katika magari, treni na meli. Mkono mmoja waita, mkono wa pili wafukuza! Na baada ya 1964 watu waliendelea kwenda mashamba yale yale, kuchuma mazao yale yale. Aliyekuwa mwalikwa jana alikuwa mkosaji leo.

Sisi hatusemi kwamba nchi haina haki ya kulinda mlango wake. Tena kibarua mwenyeji, mshahara wake ukipunguzwa kwa sababu yuko mgeni asiyeweza kushtaki, malalamiko yake si ya uongo. Lakini hasira yake humwangukia mgeni; kwa tajiri aliyemwajiri haifiki.

Mwaka wa 1994 raia wa California walipiga kura, na karibu 59 kwa mia wakataka wasio na hati wanyimwe shule na matibabu ya serikali. Mahakama ikaizuia sheria hiyo. Mwaka huo huo ulinzi ulikazwa karibu na San Diego, penye ua wa mabamba ya chuma yaliyotengenezwa kwanza kwa kutandikwa viwanja vya ndege vitani. Mwaka wa 2006 sheria nyingine iliagiza ua wa maili 700. Watu hawakuacha kwenda. Walizungukia jangwani, na tangu 1998 askari wa mpaka wenyewe wamehesabu maiti zaidi ya 7,000.

Lakini ua ule ulifanya na jambo jingine, ambalo wajenzi wake hawakulikusudia. Zamani kibarua alikwenda kwa msimu, akarudi kwao na mshahara wake. Sasa kuvuka kulimgharimu fedha nyingi za kumlipa mwenye kumwongoza, pamoja na hatari ya kufa kwa kiu. Kwa hiyo akiisha kufika, hakuthubutu kutoka, bali alimwita mkewe na watoto wamfuate. Mwaka wa 1990 wasio na hati walikadiriwa kuwa milioni 3 na nusu. Mwaka wa 2007 walipita milioni 12. Si ua peke yake uliowaongeza, maana kazi zilikuwa nyingi, na si wote waliotoka Meksiko. Lakini wengi walikuwamo kwa sababu waliogopa kutoka. Mtu aliyezoea kwenda kumzika mzazi wake na kurudi kazini, sasa alibaki ng'ambo, akapeleka fedha za sanda.