Ofisi ya DC Sasa ni Yetu

Wasee, ukifika Meru mjini usikimbilie miraa tu. Ingia Makumbusho ya Meru. Hilo jengo la mawe, kati ya makongwe zaidi mjini, lilikuwa ofisi ya DC.

Horne, mzungu ambaye wazee walimbandika jina Kangangi, alikuja 1908. Baadaye kodi na kipande vikawa maisha ya kila siku. Lakini tangu 1974, nyumba iliyokuwa ikitoa amri inatunza vitu vya Wameru, na nje kuna boma la kienyeji.

Mimi naona huo ni ushindi, ila haujakamilika. Tusipoingia, wageni ndio watatusimulia sisi ni nani. Anza na shosho wako, muulize wikendi hii. Yeye hafungwi kwa kabati la kioo.