Amana Njiani: Dawa za Cheti, Ununuzi wa Mtandaoni na Funzo la Njia ya Unyanyembe

Imekuwa ada katika maandishi ya hivi karibuni juu ya biashara ya dawa nchini kusema kwamba mgonjwa wa Tabora, au wa Sikonge, au wa Urambo, anadhulumiwa na masafa. Kwamba dawa aliyoandikiwa na tabibu wake iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli, ilhali yeye yuko huku. Na kwamba simu iliyomo mkononi mwake, ambayo kwayo huagiza vipuri na kulipa ada ya shule ya wanawe, ndiyo itakayomwondolea dhuluma hiyo, maadamu Serikali itamwachia nafasi. Wapinzani wa kauli hiyo, ambao aghalabu ni wafamasia wenye kuionea uchungu taaluma yao, hujibu kwamba dawa ya cheti si khanga, kwamba usalama wake umo ndani ya kuta nne za famasi iliyosajiliwa, na kwamba kila kiuzwacho nje ya kuta hizo kipigwe marufuku. Makala hii inadai kwamba pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Wa kwanza wamedhani adui ni masafa, wa pili wamedhani mlinzi ni ukuta. Na katika ubishi wao wamemsahau mtu anayeipokea dawa kwa amana kutoka mkono mmoja na kuifikisha mkono wa pili, ambaye ndiye aliyemwokoa au kumwangamiza mgonjwa katika njia hii ya magharibi tangu zama za misafara.

Juu ya sheria yenyewe hapana ikhtilafu kubwa. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya 2003, ambayo mabadiliko ya 2019 yaliitoa ndani yake Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA tuijuayo leo, yataka dawa isajiliwe kabla ya kuuzwa. Sheria ya Famasi ya 2011 yalipa Baraza la Famasi kazi ya kuwasajili wafamasia na majengo wanamofanyia kazi. Na Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma 2003 na sasa yameenea nchi nzima, yameruhusiwa orodha fupi tu ya dawa za cheti. Auzaye dawa ya cheti kwa njia ya simu bila ya cheti na bila ya usajili avunja sheria ileile avunjayo mchuuzi wa gulioni, wala mtandao haukumpa rukhsa mpya. Na si haki kusema kwamba nchi haina wasimamizi: mamlaka yetu ya dawa ilikuwa ya kwanza barani Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani, mwezi wa Desemba 2018, kuwa imefikia daraja la 3 la ukomavu.

Ikhtilafu huanza katika takwimu, na hapo sina budi kusema kwa ukali kidogo. Shirika hilo liliwahi kueleza kwamba zaidi ya nusu ya dawa zilizonunuliwa katika tovuti haramu zenye kuficha anwani zao zilionekana kuwa bandia. Sharti lile la kuficha anwani waandishi wengi wameliangusha njiani, na kwa kunukuliana wao kwa wao ile nusu imegeuka kuwa nusu ya dawa zote za mtandaoni. Hili si kosa dogo la unukuzi, kwa kuwa kilichoangushwa ndicho chenye maana: bidhaa zilizopimwa zilikuwa za wauzaji waliojificha, ambao mnunuzi hangeweza kwenda kuwabishia hodi. Kadhalika makadirio ya 2017, yaliyotokana na tafiti zenye sampuli zaidi ya 48,000, kwamba bidhaa ya tiba 1 kati ya 10 hivi katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni duni au bandia, hayakuwa makadirio ya mtandao. Ni ya masoko yetu kwa jumla, maduka yenye milango na rafu yakiwamo. Wenye kuzitegemea kuta na wakumbuke mwaka 2009, ilipogunduliwa nchini Tanzania dawa ya malaria ya Metakelfin iliyopungukiwa na kiini chake cha tiba, ikiwa imo katika famasi 40, na kila moja ina ukuta. Wakumbuke pia jirani zetu wa Kenya, ambako 2011 toleo la bandia la Zidolam-N, dawa ya virusi vya UKIMWI, liliwagusa wagonjwa wapatao 3,000.

Burhani yangu kubwa, hata hivyo, naichukua kutoka Kwihara, kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, penye tembe lililojengwa upya ambalo wageni hupelekwa kulitazama kwa sababu ya David Livingstone. Wengi hulitazama kama nyumba ya msafiri. Mimi nalitazama kama ghala la dawa, maana habari za Livingstone katika miaka yake ya mwisho, zikisomwa kwa jicho la mfamasia, ni habari za mgonjwa aliyeagiza dawa kutoka mbali na ambaye dawa yake ilipotea mara baada ya mara. Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku lake la dawa, naye akaandika katika shajara yake kwamba alijiona kama mtu aliyekwisha hukumiwa kifo. Akapeleka barua Unguja, akiomba mahitaji mengine yatumwe Ujiji. Alipofika Ujiji Machi 1869, akiwa amebebwa kwa ugonjwa wa mapafu, aliambiwa kwamba dawa zake zimeachwa Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora na Kwihara, mwendo wa siku 13 upande wa mashariki.

Kisha likaja tukio la Februari 1872, ambalo ndilo lenye uzito. Livingstone na Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekwenda kumtafuta, waliokuwa wamekutana Ujiji mwaka uliotangulia, walifika Kwihara na kuyafungua masanduku yaliyokuwa yakimngoja mwenyewe. Stanley asimulia kwamba mbao za bunduki zilikuwa zimeliwa na mchwa. Kwamba chupa za brandi zilikuwa zimenyweka, na mahali pa vizibo vyake pamechomekwa vigunzi vya mahindi. Na kwamba dawa zilikuwa zimetoweka, vikopo vya zinki vilivyozihifadhi vikiwa vimelika kwa kutu. Kilichosalimika ni chupa 2 za brandi na kisanduku kimoja kidogo cha dawa. Stanley hakuwa shahidi wa kuaminiwa katika kila jambo, na wanahistoria wamemsahihisha mara nyingi, lakini katika hili sioni faida gani angeipata kwa kuzua habari ya vigunzi.

Hebu tuizingatie hali hiyo kwa makini. Masafa yalikuwa yamekwisha kushindwa: dawa ilivuka bahari kutoka Ulaya, ikashushwa Unguja, ikavushwa hadi Bagamoyo, ikapanda juu ya mabega ya watu kupita Mpwapwa na Ugogo wenye hongo zake, ikafika Unyanyembe. Iliharibika ikiwa imetulia, chini ya dari, ndani ya kuta nene za udongo. Na chupa zile, kwa aliyezitazama kwa mbali, zilikuwa chupa zilizozibwa. Hapakuwa na mtu wa kuulizwa, kwani waraka wa kila mkono uliopokea na kukabidhi haukuwapo, wala hapakuwa na mtu ambaye angepoteza kitu chake mwenyewe kwa kupotea kwa vikopo vile. Katika njia hiyohiyo, na katika miaka hiyohiyo, shehena za nguo na shanga za wafanyabiashara wa misafara, akina Tippu Tip, zilifika Tabora na kuvuka mpaka Manyema, pembe zikarudi pwani, kwa sababu nyuma ya kila mtumba alisimama mwenye mali, mfano wa Taria Topan wa Unguja, aliyekopesha kwa hati na aliyejua atamdai nani. Na mbele yake alikwenda kirangozi, na baina yao wanyapara waliokabidhiana mizigo kwa hesabu.

Msomaji mwerevu atanirudishia habari ya Sherifu, msimamizi wa msafara uliotumwa kutoka Unguja, aliyeziuza bidhaa za Livingstone huko Ujiji kwa kisingizio kwamba amepiga ramli kwa Msahafu na kuambiwa kuwa mwenyewe amefariki. Huyo alikuwa na jina, naye alijulikana, na bado amana ikaliwa. Nakubali kwamba pingamizi hilo ni la kweli, na linanilazimisha kuikaza hoja yangu: jina peke yake halitoshi, sharti mwenye jina awe na kitu kitakachoponyoka mkononi mwake akikhini. Kwa mfamasia wa leo kitu hicho kipo, nacho ni leseni, ambayo Baraza la Famasi laweza kuifuta. Kwa mwenye namba ya WhatsApp iliyosajiliwa jana hakipo.

Tuitazame sasa dawa inavyosafiri zama zetu. Mgonjwa huona tangazo katika simu yake, hutuma fedha kwa namba aliyopewa, na baada ya siku moja au mbili hupigiwa simu kwamba mzigo wake uko stendi, katika chumba cha vifurushi cha basi. Anakabidhiwa boksi lililofungwa kwa gundi ya karatasi, limeandikwa jina lake na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito, na limelala baina ya madumu ya asali na magunia ya mchele. Nimeonyeshwa boksi la namna hiyo. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya shinikizo la damu katika bamba lililokatwa kwa mkasi, na mkato umepita palepale panapopigwa chapa namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda, hata mpokeaji asijue kama ni dawa ya mwaka huu au ya miaka mitano iliyopita. Karatasi ya maelezo haikuwamo. Jina la famasi halikuwamo. Aliyeuza alipopigiwa simu alisema vidonge ni vizima, avimeze tu.

Kutokana na hali hii nashawishika kwamba mnunuzi aweza kujilinda, na kwa njia ya halali, akiyatafuta mambo machache ambayo muuzaji mwaminifu hana sababu ya kuyaficha. Kwanza kabisa amtazame anayemtaka cheti: muuzaji asiyedai cheti cha daktari kwa dawa ya cheti amekwisha kuungama kosa lake kabla ya kuuza. Kisha aulize famasi iko mtaa gani, imesajiliwa kwa jina lipi, na mfamasia msimamizi ni nani, na majibu hayo ayapime kwa Baraza la Famasi. Aulize dawa imesajiliwa TMDA au la. Akatae bamba lililokatwa. Na akiona nembo ya Bohari ya Dawa juu ya kitu anachouziwa na mtu binafsi, ajue kwamba huenda anashikishwa mali ya Serikali iliyotoka hospitalini kwa mlango wa nyuma. Dawa ya insulini ina sharti lake peke yake, kwa kuwa yataka kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 mpaka itakapoanza kutumiwa, na sanduku la mizigo la basi litokalo pwani hadi Tabora, mchana kutwa chini ya jua la Dodoma na Singida, halina baridi hiyo. Kwa maoni yangu insulini isiagizwe kwa kifurushi cha kawaida kamwe, hata kutoka famasi iliyo njema kuliko zote.

Itasemwa kwamba haya yote ni anasa ya wenye nafasi, na kwamba mtu hanunui kwa mchuuzi wa simuni ila baada ya kuambiwa dirishani hospitalini kwamba dawa imekwisha. Ni kweli, na lawama ya uhaba si ya mgonjwa. Lakini dawa isiyo na kiini haiponyi uhaba; huuficha, na kwa dawa za vijidudu huzaa usugu unaowadhuru hata wasionunua.

Nchi ya Kenya imetuonyesha kwamba jambo hili lawezekana: MYDAWA ilianza 2017 chini ya leseni ya mamlaka ya dawa ya huko, ikiuza kwa simu huku ikiwa na ghala lake, wafamasia wake, na lakiri juu ya kila kifurushi. Umoja wa Ulaya nao waitaka kila famasi ya mtandaoni ibandike alama moja, ambayo mnunuzi akiibonyeza hupelekwa kwenye daftari rasmi la nchi husika. Sisi tunayo madaftari mawili, la dawa lililoko TMDA na la majengo lililoko Baraza la Famasi. Yakiunganishwa na kufunguliwa kwa mwenye simu ya kawaida kwa ujumbe mfupi, sehemu kubwa ya wauzaji waliojificha itakosa wanunuzi, wala sioni kanuni nyingine itakayofanya kazi kubwa kuliko hiyo. Usajili wenyewe uliojengwa juu ya jengo upanuliwe ukamate na njia: famasi itakayotuma dawa Tabora iwajibike mpaka mgonjwa atie saini ya kupokea kifurushi chenye lakiri nzima, na hasara ya kilichofunguliwa au kuharibika kwa joto iwe ya muuzaji.

Kwa kuanzia, rukhsa hiyo ihusu dawa za kisukari za vidonge na za shinikizo la damu, ambazo mgonjwa hununua mwezi baada ya mwezi kwa maelekezo yaleyale, na ambazo tabibu wake wa hospitali ya Kitete, mjini Tabora, aweza kuzithibitisha kwa simu. Tramadoli, diazepamu na jamii zake, zenye kuleta uraibu, zibaki nje. Marekani ilitunga 2008 sheria ya kuzuia dawa za namna hiyo kuuzwa mtandaoni bila ya mgonjwa kuonwa na tabibu uso kwa uso, na kuiita kwa jina la Ryan Haight, kijana wa miaka 18 aliyefariki 2001 kwa vidonge alivyoviagiza mtandaoni. Dawa hizo, hata famasi ikiwa na kila sifa niliyoitaja, zitolewe mkononi, dirishani, kwa mtu aliyesimama mbele ya mfamasia.