Kusoma, Sarufi na Uandishi: Historia ya Mazoezi ya Kiingereza ya Mwanafunzi wa Sekondari ya Juu nchini China, 1862–2020

1.0 Utangulizi

Historia ya Kiingereza katika shule za China imeandikwa kwa kawaida kama historia ya sera: lini lugha hiyo iliruhusiwa, lini ilipigwa marufuku, na lini ilirudishwa. Upande wa mwanafunzi mwenyewe, yaani kile alichokifanya siku hadi siku akiwa na kitabu na kalamu, umepewa nafasi ndogo. Insha hii inachunguza mazoezi hayo katika maeneo matatu: kusoma, sarufi na uandishi. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: kwa nini mwanafunzi wa sekondari ya juu, aliyesoma Kiingereza kwa miaka mingi na kuimudu sarufi yake kwa kiwango cha kuridhisha, aliendelea kuandika kwa shida?

Jibu lililozoeleka hulaumu utamaduni. Inadaiwa kwamba malezi ya Kikonfyusi yalimfundisha Mchina kukariri, na kwamba kukariri huua utungaji. Hoja ya insha hii ni tofauti. Kusoma, sarufi na uandishi vilitenganishwa na mahitaji ya dola na ya mtihani, na kila mahitaji hayo yalipobadilika, mazoezi ya mwanafunzi nayo yalibadilika. Utamaduni wa kukariri ulikuwapo wakati wote, lakini peke yake hautoshi kueleza mabadiliko hayo.

2.0 Lugha ya mikataba na vitabu vya kwanza

Ufundishaji rasmi wa Kiingereza ulianza kutokana na kushindwa vitani. Mkataba wa Tianjin wa mwaka 1858 kati ya China na Uingereza uliweka sharti kwamba barua rasmi za Waingereza zingeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba pale ambapo maana ingetofautiana, matini ya Kiingereza ndiyo ingehesabiwa kuwa sahihi. Serikali ya nasaba ya Qing ilijikuta imefungwa na maneno ambayo maofisa wake hawakuweza kuyasoma. Mwaka 1862 ilifungua shule ya Tongwen Guan jijini Beijing, ikianza na vijana wachache kutoka familia za kijeshi za Kimanchu. Kazi iliyotarajiwa kwao ilikuwa tafsiri, na hata mitihani yao ilihusu kutafsiri nyaraka za kidiplomasia. Tangu mwanzo, basi, kusoma kulilengwa kwenye kuelewa maneno ya mwingine, ilhali kuandika fikra za mwandishi mwenyewe hakukuwa sehemu ya kazi.

Nje ya mji mkuu, soko la Shanghai lilikuwa na mahitaji mengine. Kampuni ya uchapishaji ya Commercial Press, iliyoanzishwa jijini humo mwaka 1897, ilichapisha mwaka uliofuata kitabu cha kwanza cha Kiingereza chenye maelezo ya Kichina. Matini zake zilitokana na vitabu ambavyo Waingereza walivitumia katika shule za India. Hivyo kijana wa Shanghai alianza kusoma kwa kutumia sentensi zilizotungwa kwa ajili ya mtoto wa koloni jingine, na maelezo ya lugha yake pembeni yakimsaidia kuzipenya. Mwaka 1904 Yan Fu, mfasiri mashuhuri wa enzi hiyo, alitoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza kwa wasomaji wa Kichina. Mwaka 1905 mitihani ya kale ya utumishi wa dola ilifutwa, na elimu ya kisasa ikawa njia mpya ya kupanda ngazi.

3.0 Sarufi kama daraja

Umuhimu wa sarufi katika mazoezi ya mwanafunzi wa China una sababu za kiisimu. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kulingana na nafsi wala njeo. Wakati wa tendo huonyeshwa kwa vielezi na muktadha, na ukamilifu wake kwa vipashio vidogo vinavyofuata kitenzi. Nomino kwa kawaida haina alama ya wingi, na maandishi hayaachi nafasi kati ya neno na neno. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kuona njeo ndani ya kitenzi chenyewe, anaweza kukadiria ugumu huo kwa kuwazia lugha isiyo na viambishi kama -li-, -na- na -ta-. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, kanuni za njeo na upatanisho wa kiima na kitenzi zilikuwa daraja la lazima. Aidha, sarufi ilikuwa na faida kwa mwalimu: ilifundishika kwa Kichina, hata na mtu ambaye matamshi yake ya Kiingereza yalikuwa dhaifu.

Hata hivyo, daraja hilo halikulazimika kusimama peke yake. Mfumo mpya wa shule wa mwaka 1922, uliofuata mfano wa Marekani, uligawa sekondari katika ngazi mbili za miaka mitatu mitatu, na hapo ndipo sekondari ya juu ilipopata umbo linalojulikana leo. Mwaka 1928 Lin Yutang alianza kuchapisha vitabu vya Kaiming kwa ajili ya ngazi ya chini, vikiwa na michoro ya Feng Zikai. Vitabu hivyo vilimpa mwanafunzi hadithi na mazungumzo ya kusoma kabla ya kumtaka achambue sentensi. Mwaka 1930 Lin alitoa sarufi iliyoanza na maana anayotaka kuieleza msemaji, kisha ikatafuta umbo linaloibeba. Vitabu vyake vilienea sana. Mafanikio hayo yalipatikana miongoni mwa jamii ileile yenye desturi ya kukariri, jambo linalodhoofisha maelezo ya kitamaduni yaliyotajwa katika utangulizi.

4.0 Kukatika kwa mafunzo, 1949–1976

Baada ya mwaka 1949 Kirusi kilichukua nafasi ya kwanza. Mwaka 1954 Wizara ya Elimu iliagiza kwamba sekondari za ngazi ya chini ziache kufundisha lugha za kigeni, na sekondari za juu zijikite zaidi katika Kirusi. Agizo hilo lilianza kulegezwa miaka michache baadaye, na mgogoro na Muungano wa Kisovieti ukaharakisha mageuzi. Mpango wa miaka saba wa mwaka 1964 ulikitaja Kiingereza kuwa lugha ya kwanza ya kigeni, na walimu wengi wa Kirusi walilazimika kujifunza upya ili wafundishe lugha ambayo wao wenyewe walikuwa wanafunzi wake. Miaka miwili baadaye Mapinduzi ya Utamaduni yalianza, na mtihani wa kujiunga na vyuo vikuu ukasimamishwa.

Kiingereza kiliporudi madarasani mwanzoni mwa miaka ya 1970, vitabu vilijaa kaulimbiu za kisiasa zilizotafsiriwa kutoka Kichina. Mwanafunzi alisoma kwa lugha ya kigeni yale ambayo tayari aliyajua kwa lugha yake, na hakuwa na mtu wa kumwandikia. Uzito wa hali hiyo ulidhihirika Julai 1973 katika wilaya ya Tanghe, mkoani Henan. Msichana wa miaka 15 aliandika nyuma ya karatasi yake ya mtihani wa Kiingereza beti chache za kuhoji sababu ya Mchina kujifunza lugha ya kigeni. Alikemewa hadharani shuleni, kisha akajitosa majini na kufa. Mwaka 1974 kundi la Jiang Qing lilikitumia kifo hicho kushambulia shule na walimu kote nchini. Mkuu wa shule na mwalimu wa darasa walifungwa, na walisafishwa baada ya mapinduzi hayo kumalizika.

Tukio hilo hutajwa zaidi kama sura ya siasa za wakati ule. Kwa historia ya mazoezi ya lugha lina maana nyingine pia. Kati ya yote yaliyokuwa kwenye karatasi ile, maandishi yaliyobeba fikra za mwanafunzi yalikuwa nyuma yake, nje ya nafasi ya majibu, na kwa Kichina. Upande wa mbele haukuwa na swali lililomuuliza anafikiri nini.

5.0 Kurejea kwa mtihani

Mtihani wa kujiunga na vyuo vikuu ulirejeshwa mwishoni mwa mwaka 1977. Watahiniwa walikuwa takriban milioni 5.7, na waliopata nafasi takriban 270,000. Kiingereza kiliingizwa katika hesabu hatua kwa hatua, kwa kuwa kizazi kizima kilikuwa hakijafundishwa. Mwaka 1978 alama za lugha ya kigeni zilitumika kwa marejeo tu. Mwaka 1979 vyuo teule vilihesabu asilimia 10 ya alama hizo. Sehemu hiyo ikapanda hadi asilimia 30 mwaka 1980, 50 mwaka 1981 na 70 mwaka 1982, na mwaka 1983 zikahesabiwa zote. Ndani ya miaka mitano somo lililokuwa la ziada lilikuwa limegeuka mlango ambao kila mtahiniwa alipaswa kuupita.

Mwaka 1985 mkoa wa Guangdong ulijaribu mtihani sanifu wa Kiingereza ulioandaliwa na wataalamu wa Guangzhou, miongoni mwao Gui Shichun na Li Xiaoju. Sehemu kubwa ilikuwa maswali ya kuchagua jibu, yanayoweza kusahihishwa kwa mashine. Mwaka 1990 Li Xiaoju alieleza kwamba nia ya waandaaji ilikuwa kuutumia mtihani kumhamisha mwalimu kutoka maarifa kuhusu lugha kwenda matumizi ya lugha. Nia hiyo ilifanikiwa kwa kiasi, hasa kwa kuwafanya wanafunzi wasome matini nyingi zaidi. Lakini swali la kuchagua jibu lilizaa zoezi lake. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ambao kwa kawaida hutumika kwa marudio, alijibu mamia ya vipengele vya sarufi vilivyokatwa kutoka katika matini yoyote. Alijifunza kutambua umbo sahihi kati ya manne, na kutambua si sawa na kuzalisha.

6.0 Barua isiyo na msomaji

Uandishi haukusahauliwa kabisa. Mtihani ulibakiza insha fupi yenye maelekezo, na tangu miaka ya 1990 maelekezo hayo yalimzoesha mtahiniwa kujifanya Li Hua, mwanafunzi wa kubuniwa anayemwandikia barua rafiki wa kigeni. Waandaaji walitaka uandishi uwe na lengo na mpokeaji. Utafiti wa Qi Luxia uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba darasani lengo na mpokeaji vilipuuzwa: walimu na wanafunzi walikazania usahihi wa sentensi na unadhifu wa mwandiko, kwa imani kwamba hayo ndiyo yanayomvutia msahihishaji. Kwa maneno mengine, kila mmoja alijua kwamba rafiki wa Li Hua hayupo, na kwamba msomaji halisi ni mtahini.

Katika muundo wa kitaifa uliotumika kuanzia mwaka 2014, insha ilikuwa na alama 25 kati ya 150, huku kusoma kukiwa na 40. Mwanafunzi mwenye muda mchache alipanga mazoezi yake kwa mizani hiyo, na uamuzi wake ulikuwa wa busara. Hapa ndipo kukariri kulipopata kazi. Katika shule za kale mtoto alisimama akiwa amempa mwalimu mgongo na kuyataja maandiko kwa moyo. Ndiyo maana neno la Kichina la kukariri, beishu, limejengwa juu ya neno lenye maana ya mgongo. Kipindi cha kusoma kwa sauti kila asubuhi kiliendeleza desturi hiyo. Lakini mtoto wa zamani alikariri matini kamili, ilhali mtahiniwa wa kisasa alikariri vipande: orodha za msamiati, sentensi za kufungulia barua na sentensi za kuifungia. Desturi ilikuwa moja. Kilichokaririwa kiliamuliwa na mtihani.

7.0 Kusoma kwa ajili ya kuandika

Mageuzi yaliyofuata yalijaribu kuviunganisha tena vilivyotengana. Vipengele vya sarufi vya kuchagua jibu vilianza kupisha zoezi la kujaza nafasi ndani ya matini, Guangdong kuanzia mwaka 2007 na katika muundo wa kitaifa kuanzia 2014. Kanuni ya sarufi sasa ilitafutwa ndani ya habari inayosomeka.

Hatua kubwa zaidi ilianza mkoani Zhejiang mwaka 2016 na kufika mikoa mingine kuanzia mwaka 2020. Mtahiniwa husoma kisa kisichokamilika, kisha hukimalizia kwa aya mbili zenye takriban maneno 150, akiwa amepewa sentensi ya kwanza ya kila aya. Msingi wake wa kinadharia ulitokana na Wang Chuming wa Guangdong, aliyesisitiza kwamba mjifunzaji huokota lugha anapoendeleza maneno ya mwenzake aliyemzidi ujuzi. Katika muundo huo mpya uandishi ulipanda hadi alama 40. Zoezi hilo humlazimu mwanafunzi asome kama mwandishi, akichunguza nani anasema, wakati upi, na kwa nini. Sarufi nayo hupata sababu: njeo ikikosewa, kisa hukatika.

Matokeo bado yana utata. Upo tayari mtindo wa kukariri sentensi za kueleza machozi, furaha na machweo ya jua ili zipachikwe katika kisa chochote. Aidha, zoezi hili humfaa zaidi aliyesoma hadithi nyingi. Waraka wa mwaka 2001 uliopeleka Kiingereza katika darasa la tatu la msingi ulianza na miji na kufikia vijiji baadaye, hivyo pengo la usomaji kati ya makundi hayo mawili lina historia ndefu kuliko zoezi lenyewe.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba mazoezi ya Kiingereza ya mwanafunzi wa China yalifuata kile kilichopimwa. Mahitaji ya tafsiri yalizaa wasomaji wa nyaraka. Maswali ya kuchagua jibu yalizaa watambuzi wa umbo sahihi. Na kisa cha kumalizia kimeanza kuzaa waandishi, ingawa kwa usawa mdogo. Desturi ya kukariri ilitumika katika vipindi vyote bila kuamua mwelekeo wa kimojawapo. Kwa hiyo, udhaifu wa uandishi haupaswi kuhesabiwa kuwa hulka ya taifa. Ni zao la maamuzi yanayoweza kufuatiliwa kwa tarehe na kwa alama, na kwa sababu hiyo yanaweza kurekebishwa. Uchunguzi zaidi unahitajika kwenye madaftari ya mazoezi yenyewe, hasa ya shule za vijijini, ambako athari za mtihani mpya zitapimwa kwa haki zaidi kuliko katika miji iliyokuwa na vitabu tangu siku za Kaiming.